Savea na Rangi Zake Nne

Nianze na kidole chake, kwa sababu nikianza na wema wake huenda nisifike kwenye kidole.

Kabla ya kugeuza ukurasa wowote alilamba kidole cha shahada. Si kukigusisha ulimi tu. Alikiingiza mdomoni mpaka kiungo cha kwanza, akakitoa kimelowa, ndipo akashika karatasi. Kitabu kilikuwa kimoja na sisi tulikuwa wanne. Pembe za kurasa zilikuwa zimegandana na kugeuka manjano kama kucha za miguu, na zamu yako ya kusoma ikifika ilibidi uzibandue kwa vidole vyako mwenyewe. Mimi nilitumia ncha ya mkasi. Alinikanya, akasema nitamharibia kitabu.

Tulimwita Savea kwa sababu hiyo ndiyo kazi aliyofanya miaka yote: kupima ardhi. Upande wetu wa Kitengela, ploti nyingi ni yeye aliyezikata wakati bado ilikuwa malisho ya ng'ombe. Mimi nilimjua akiwa amestaafu, na alikuwa amebaki na vitu viwili alivyovipenda, mayai ya kuchemsha na mchezo.

Mchezo wenyewe niueleze, maana hata mimi niliishia darasa la nane na nilichukua muda kuuelewa. Watu wanakaa mezani. Kila mmoja anajitengenezea mhusika kwenye karatasi: ni nani, anaweza nini, hawezi nini. Mtu mmoja hana mhusika. Huyo anasimulia dunia, kwamba sasa mko kwenye korongo, sasa kuna moshi mbele, na anauliza, "Mnafanya nini?" Mnasema. Pale ambapo haijulikani kama mtafaulu, mnarusha dadu. Basi. Hakuna anayeshinda. Ni hadithi ambayo mko ndani yake. Wetu ulichezwa Jumapili baada ya kanisa, kwenye meza yangu ya kukatia nguo, chumba cha nyuma cha duka langu. Msimulizi alikuwa Savea. Wachezaji tulikuwa mimi, Abdi aliyekuwa na duka la vyombo mkabala na langu, na Naisula, mama anayeuza mbuzi kule Bisil.

Nimesema meza ilikuwa yangu. Nitalirudia hilo mahali pake, nisije nikajisahau.

Kabla mtu hajacheza lazima achague vipaji vya mhusika wake, na kwenye kile kitabu vilikuwa zaidi ya mia mbili. Mtu mgeni akiviona anachanganyikiwa. Hapo ndipo Savea alipata utawala wake. Alikuwa na kalamu nne na daftari kubwa la kaunta, na kila kipaji alikuwa amekipa rangi. Bluu maana yake usipochukua wewe ni mjinga. Kijani ni kizuri. Nyeusi kinavumilika. Nyekundu ni takataka, na hilo neno takataka alilitamka polepole, akivuta pua upande mmoja kama mtu aliyepita karibu na mtaro.

Kofia ya ile kalamu ya bluu alikuwa akichokolea nayo sikio. Halafu anairudisha kwenye kalamu, anaandika. Mambo mengine ningependa kuwa nimeyasahau.

Lakini niseme haki. Njia yake ya kupima ilikuwa nzuri, na sijawahi kufundishwa kitu kingine chochote vizuri namna ile. Alisema kipaji hakipimwi kwa utamu wa jina lake. Unakiuliza maswali manne. La kwanza, kwa Jumapili moja kitatumika mara ngapi? La pili, ukikichukua, umeacha nini? La tatu, kikikataa, mtaumia kiasi gani? La nne, nani mezani tayari anacho? Alinieleza kwa mfano wa vipaji viwili. Moto wa Kiganja, unaokuwezesha kurusha moto kwa mkono, unatumika kila vita, na ukikataa umepoteza zamu moja tu. Bluu. Pumzi ya Samaki, ya kuishi chini ya maji, ni nzuri sana kama kuna maji. "Sasa wewe niambie, fundi," akasema, "kwa hii dunia yetu ya vumbi, utazama wapi? Kwa ndoo?" Nyekundu.

Nilicheka. Sikuona wakati ule kwamba kwa kile kipaji kimoja alikuwa ameangalia dunia yetu kabla ya kutoa rangi. Ningeona hivyo, pengine ningeuliza kuhusu vingine. Pengine pia nisingeuliza. Mimi si mtu wa kuuliza.

Alinifundisha pia hesabu ya dadu. Ile kubwa ina pande ishirini. Ukihitaji kumi na moja kwenda juu, ni nusu kwa nusu. Ukiongezewa mbili, si nusu tena. Alinichorea kwa chaki kwenye kitambaa cha bitana, mara moja, mara ya pili, mara ya nne, na hata siku moja hakuniambia "hata hii hujui?" Mwalimu wangu wa darasa la sita alikuwa akiniambia hivyo kila wiki. Kwa hiyo Savea aliponiambia mwandiko wangu ni mzuri na akaniomba nimnakilie lile daftari upya, kurasa zote, rangi zote, nilijiona nimepandishwa darasa. Nilinakili kwa miezi miwili. Nakala zilikuwa zinaenda kwa meza nyingine, moja Rongai na moja Kajiado mjini, ambako watu walikuwa wamesikia habari zake.

Rangi zake hazikubaki kwenye daftari. Kajiado mjini kijani. Kitengela nyeusi, "ilikuwa bluu kabla hamjaja." Bisil nyekundu, na hilo alilisema mbele ya Naisula. Oltepesi alisema hajui kwa nini ipo. Chai yangu nyeusi. Mahubiri ya padri kijani mpaka dakika ya kumi, baada ya hapo nyekundu. Tulipokwenda kumzika jirani yetu mmoja, nilikaa karibu naye, na kila mtu aliyesimama kumsifu marehemu, Savea aliguna rangi chini chini. Mjane akasimama, akalia, akashindwa kumaliza. "Nyeusi," Savea akasema. Nilitaka ardhi inimeze. Baadaye akasimama shemeji wa marehemu, akasema walivyopendana kama pete na kidole, na watu wote pale walijua hawajasalimiana miaka mitano. "Takataka," akasema Savea, safari hii kwa sauti ya kusikika, na shemeji akasikia. Hapo sijui niseme nini. Ilikuwa aibu, na ilikuwa takataka kweli.

Wema wake mkubwa niliuona kwa macho, si wa kuambiwa. Kulikuwa na mama mmoja mjane nyuma ya mtaa wetu, na jirani yake alikuwa amesogeza jiwe la mpaka hatua sita ndani ya ploti yake. Chifu alikuwa amekuja, wazee walikuwa wamekuja, hakuna kilichofanyika. Savea alifika asubuhi na kamba ya kupimia na kofia yake ya zamani. Jirani akatoa ramani. Savea akaiangalia, akamrudishia.

"Hii ramani ni ya ploti nyingine."

"Mzee, hii nilipewa ofisini."

"Ulipewa. Sijasema hukupewa. Nimesema ni ya ploti nyingine."

Akapima, akalirudisha jiwe pahali pake, kisha akaweka kiti cha plastiki juu ya lile jiwe, akakaa. Alikaa pale mpaka jioni, anakula mayai yake, maganda anatupa upande wa yule jirani. Alirudi kesho yake akakaa tena. Siku ya nne jirani akachoka. Savea hakutaka shukrani. Yule mama alipomletea kuku alisema hali kuku.

Mtu huyo ndiye aliyefanya nitakachosema sasa, na ndiyo maana kinanichefua zaidi. Angekuwa mbaya tu ningekuwa nimeshamsahau.

Naisula aliingia mezani kwa bahati. Alikuja kwangu kushonesha upindo wa shuka, akatukuta tunacheza, akakaa kusubiri, shuka ikaisha na yeye hakuondoka. Jumapili iliyofuata akarudi bila nguo yoyote ya kushonwa. Nilimuuliza ni nini kinamtoa Bisil mpaka Kitengela siku yake ya kupumzika. Akasema, "Siku zote niko na watu wanataka kuninyang'anya mbuzi kwa maneno. Hapa hakuna mtu ananunua kitu. Naongea tu." Kisha akaongeza, "Na wewe unajua kucheka." Hakuna mtu alikuwa ameniambia hivyo.

Mhusika aliyemtengeneza alikuwa mchungaji, na kipaji alichokichagua kinaitwa Sikio la Mifugo. Mwenye nacho anaweza kuongea na ng'ombe, mbuzi, punda, na wakamjibu. Savea alisukuma karatasi yake kwa ukucha mmoja, kama mtu anayesukuma nepi.

"Mama, hii ni nyekundu."

"Nimeona."

"Kuna Moto wa Kiganja. Kuna Macho ya Gizani, hata fundi ameichukua."

"Sasa nikiwa na macho ya gizani nitaona nini? Sisi tunatembea mchana." Akaniangalia. "Wewe umewahi kuona nini nayo?"

Nilisema bado. Ilikuwa mwaka wa pili tangu nichukue Macho ya Gizani, kipaji cha kuona penye giza totoro, bluu kabisa, na nilikuwa sijakitumia hata mara moja. Hadithi zetu zote zilikuwa za uwandani, jua kali, mifugo kila mahali. Nilidhani ni mimi sijui kukitumia. Nilivyozoea kudhani ni mimi!

Savea akamwacha achukue alichotaka, akisema atajuta.

Sasa ile Jumapili ya fahali. Savea alikuwa ametupa kesi ya mifugo walioibwa, na kijiji kizima hakitaki kusema. Mimi na Abdi tulihangaika saa nzima, kutisha watu, kufuata nyayo, kurusha dadu. Hakuna. Naisula akasema, "Kuna ng'ombe yeyote aliachwa?"

Savea akasita. "Kuna fahali mmoja. Mzee. Mgonjwa wa mguu."

"Namuendea. Namsalimia."

Akarusha dadu, ikaja kumi na tisa. Na Savea, ni lazima niseme, akafanya jambo zuri kuliko yote niliyomwona akifanya pale mezani. Alimpa yule fahali sauti. Sauti ya mzee mlalamishi aliyesahauliwa nyumbani, anayelalamikia magoti, anayelalamikia majani ya siku hizi, anayesema kwamba vijana waliochukua ng'ombe walipita hapa bila hata kumwambia pole, na mmoja wao alikuwa mtoto wa chifu, anamjua kwa harufu ya mafuta yake ya nywele. Naisula alimjibu kwa Kimaasai, kwa adabu zote za kuongea na mzee. Savea akajibu kwa Kimaasai. Tulicheka mpaka Abdi akamwaga chai kwenye satini ya mteja.

Kesi ikaisha kwa dakika kumi. Naye Abdi, kwa mdomo wake, akasema:

"Savea, haki ya Mungu, leta hiyo kalamu ya bluu. Nyekundu imemaliza kazi yote! Sisi wenye bluu tulikuwa tunafanya nini hapa? Tulikuja kunywa chai?"

Savea hakucheka. "Dadu ilimpenda. Bahati si ubora."

Na kwa haki, hapo alikuwa na neno. Mara moja si kipimo. Yeye mwenyewe alikuwa amenifundisha hivyo. Lakini Abdi hakuachia.

"Si kumi na tisa, mzee. Ni kwamba hii dunia yako imejaa ng'ombe. Wewe ndiye uliyewaweka!"

Savea akafunga daftari. Akala yai zima, likamvunjikia mdomoni, vipande vya kiini vikaangukia karatasi ya Naisula. Hakuvifuta. Naisula alivipuliza yeye mwenyewe.

Wakati huo nilikuwa nimefika kwenye herufi ya S katika ile nakala ya kupeleka Kajiado. Nikamuuliza Savea, kwa sauti ya chini, kama Sikio la Mifugo niandike rangi gani. Akaniangalia kama nimemtukana mama yake. Nikaandika nyekundu.

Jumapili iliyofuata tulipokaa tu, Savea akasimulia kwamba ardhi imefunguka, tumeanguka kwenye pango.

Pango lile lilikuwa refu, lenye giza na maji yanayodondoka. Lilisimuliwa vizuri, mpaka nikahisi baridi ya miguu. Na kwa sababu mimi peke yangu niliona gizani, nikawa kiongozi wa mbele. Kila kona Savea aliniuliza mimi kwanza, "Mnafanya nini?" Kila kona nilikuwa na la kufanya. Niliona mitego. Niliona macho yanayong'aa. Abdi alirusha moto nilikomwelekeza. Baada ya miaka miwili ya kukaa tu, nilikuwa mtu.

Naisula akauliza, "Kuna mnyama humu?"

"Hakuna."

"Popo?"

"Popo si mifugo, mama."

Abdi akacheka kidogo. Mimi pia.

Jumapili ya pili bado tulikuwa pangoni. Naisula akasema anasikiliza kama kuna mbuzi amepotea akaangukia humu, maana mbuzi huanguka kwenye mashimo, yeye amepoteza wanne hivyo. Lilikuwa wazo zuri. Mchezo wenyewe ni mawazo kama hayo. Savea akavuta pua.

"Hakuna mbuzi."

"Hata mfupa?"

"Mfupa hauongei. Fundi, mnafanya nini?"

Nikasema, "Tunaendelea."

Jumapili ya tatu hakuuliza kitu. Alichukua shati kwenye rundo langu, akatafuta sindano, akashona vifungo. Alishona vinne. Mimi nilikuwa nimesimama, napigana na kitu chenye miguu mingi, na sijui kama nilimtazama hata mara mbili. Tulipomaliza alikunja karatasi yake, akaiweka chini ya mkasi wangu, akasema kwa heshima kabisa, "Fundi, Jumapili ijayo sitakuja. Niko na mbuzi wa kuangalia." Akamwambia Savea, "Mzee, asante kwa hadithi." Akaenda.

Jumapili ya nne tulitoka pangoni. Savea akasimulia jua, uwanda, na ng'ombe wakinywa maji. Ndipo nilipoelewa, nikatoka nje nikasimama karibu na pipa la maji.

Mimi nakata nguo. Nikimpima mtu halafu nguo isimkae, nafumua nguo. Sijawahi kumwambia mteja akate bega. Savea alikuwa ameona kipimo chake hakiingii kwenye dunia yetu, na badala ya kubadilisha kipimo akabadilisha dunia. Jumapili tatu. Mama wa watu anatoka Bisil, anakaa, anashona vifungo vya watu, ili neno moja la wino mwekundu lisifutwe.

Na meza ilikuwa yangu. Nilikuwa naweza kusema.

Baada ya hapo mchezo haukudumu. Abdi alihamisha duka lake Namanga. Mimi nikamwambia Savea nahitaji chumba kwa ajili ya vitambaa, na huo ulikuwa uongo. Chumba kilikaa kitupu mwaka mzima. Akachukua kitabu chake, akanishukuru kwa chai, akaniambia ile satini iliyomwagiwa ingetoka kwa siki. Ilitoka.

Nilimwona tena mwaka huu, Kajiado mjini. Nilikuwa nimepeleka kanzu za kwaya kwenye kanisa fulani, nikaingia hotelini kula, na yeye alikuwa pale kwenye kona, amekonda, kola imemzidi shingo. Mbele yake matumbo na ugali. Alikuwa anakula jinsi alivyokula siku zote, mdomo wazi. Nilitaka kugeuka. Alikuwa ameshaniona.

"Fundi! Kaa. Matumbo yao ni kijani."

Nilikaa. Tukaulizana hali. Kisha nikasema lile nililokuwa nimelifanyia mazoezi miaka miwili nikiwa peke yangu na cherehani.

"Savea, ulituingiza pangoni kwa sababu ya Naisula."

"Ndiyo," akasema.

Nilikuwa nimejitayarisha kwa hapana. Yeye akaendelea kutafuna, akameza.

"Daftari lilikuwa linakuja huku, na lile la Rongai lilikuwa limeshaenda. Yule kijana wa vyombo akanicheka."

"Ungebadilisha rangi moja tu."

"Moja?" Akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono. "Fundi, zote. Rangi zote nilizitoa Magadi. Nilikuwa kule kwa kazi, joto hutoki nje, kulikuwa na mhandisi mgeni ana hicho kitabu. Tulicheza nyumbani kwake, na hadithi zake zilikuwa za mapango tu. Kule ndiko nilikopimia. Nilipoanza kwenu Kitengela, mwaka wa kwanza nikajua haziingii."

"Mwaka wa kwanza?"

"Miezi miwili ya kwanza, nikisema ukweli. Lakini mlikuwa mmeshaanza kuniita kila mahali. Savea, hii rangi gani, Savea, ile rangi gani."

Nilimwangalia yule mtu aliyekaa juu ya jiwe la mjane siku tatu, na mafuta yalikuwa yanamtiririka kidevuni, na nikaona kinyaa kiasi kwamba nikasogeza kiti. Aliona nikisogeza. Hakukasirika.

"Lakini na wewe niambie," akasema. "Mimi nasimulia. Sisukumi mtu. Kila kona nilikuuliza, mnafanya nini? Nilikuuliza wewe. Ungesema tunatoka, ningewatoa. Ndiyo mchezo ulivyo, unajua. Ulisema nini?"

"Nilisema tunaendelea."

"Ulisema tunaendelea."

Ningependa kuandika kwamba nilimjibu kitu kikali. Nilisema, "Lakini pango ulilichimba wewe," na hilo ni kweli pia, na akatikisa kichwa kulikubali. Kisha akauliza, "Alikasirika, yule mama?"

"Sijui."

"Hukumuuliza?"

"Sijaonana naye."

"Miaka miwili?" Akanyoosha mkono wenye ugali kuelekea barabara ya Namanga. "Bisil si ni hapo tu!"

Hilo ndilo lililonichefua kuliko vyote, kwamba neno la haki litoke kwenye mdomo ule, na matumbo ndani yake. Niliondoka bila kumpa mkono. Huenda nilikosea. Mikono yake ilikuwa michafu, lakini si sababu hiyo.

Nilipofika barabarani sikuvuka kwenda upande wa magari ya Kitengela. Nilipanda gari la Namanga. Ilikuwa siku ya soko, nikashuka Bisil saa nane, vumbi tupu, na haikunichukua muda kumpata. Alikuwa na mbuzi kumi hivi, ameinama juu ya mmoja.

"Takwenya," nikamsalimia kwa Kimaasai.

"Iko," akajibu kabla ya kuinua kichwa. Kisha akaona ni mimi. "Fundi. Umepotea hadi huku?"

"Nimekuja kukuambia kitu. Kule pangoni. Niliulizwa tufanye nini, kila wakati, na ningesema tutoke. Mzee angetutoa. Sikusema kwa sababu nilikuwa nafurahia."

"Nilijua," akasema Naisula. "Ulikuwa unasimama ukirusha dadu. Kabla ya hapo hujawahi kusimama."

Mnunuzi mmoja alikuwa anasubiri pembeni, anajifanya hasikilizi.

"Sasa unataka nikuambie nini?" akaniuliza.

"Hakuna."

"Basi shika huyu."

Nikashika pembe. Alikuwa beberu, mwenye nguvu kuliko nilivyodhani, alinivuta hatua mbili, kiatu kikaingia kwenye mavi mabichi mpaka kamba. Naisula akamfungua mdomo, akapitisha kidole kwenye meno ya mbele, akamwambia mnunuzi umri wake. Mnunuzi akabisha. Wakabishana kwa Kimaasai, muda mrefu, na mimi nimeshika. Alipomaliza na huyo hakunishukuru wala hakuniambia niende. Alinionyesha wa pili kwa kidevu.